Daftari Lenye Vyanzo Viwili

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya biashara, lakini methali hiyo ina maana pana kuliko duka. Kazi yoyote ifanywayo na watu wengi kwa miaka mingi ni mali, na isipokuwa na kumbukumbu ya nani alifanya nini, lini na kwa sababu gani, wale wanaoirithi hupokea kitu wasichokielewa. Katika insha hii nataka kusimulia historia ya madaftari ya aina moja ambayo watu wengi hawajapata kuyaona, yaani yale yanayotunza kumbukumbu za programu za kompyuta. Hasa nataka kutazama swali moja ambalo limewasumbua watunzaji wake kwa muda mrefu: madaftari mawili yanapotakiwa kuwa moja, historia ya kila moja ifanyweje?

Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la mafundi peke yao. Mimi nililifuatilia baada ya kustaafu kazi ya ukuu wa chuo cha ualimu, kwa sababu ya mjukuu mmoja anayeishi kwa kazi hiyo, na kadiri nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mafundi hawa walikuwa wakihangaika na jambo lilelile ambalo sisi wengine tumekuwa tukilifanya bila kulifikiri sana.

Tuanze na misingi. Programu ya kompyuta, kabla haijawa kitu kinachofanya kazi katika mashine, ni maandishi. Huandikwa na watu, mstari kwa mstari, na kuwekwa katika mafaili. Programu kubwa huwa na mamilioni ya mistari na maelfu ya waandishi. Leo mmoja anasahihisha kosa, kesho mwingine anaongeza jambo, keshokutwa wa tatu anagundua kwamba sahihisho la juzi limezaa kosa jipya. Akitaka kulitengeneza, lazima ajue ni nini kilichobadilishwa, nani aliyekibadilisha, lini, na kwa nini. Hilo la mwisho ndilo zito. Mstari unaoonekana kuwa hauna kazi huenda uliwekwa kwa sababu kubwa, na anayeufuta bila kuijua sababu hiyo hurudisha ugonjwa ambao mwenzake alikwisha kuuponya.

Mwaka 1972 Marc Rochkind, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, alitengeneza chombo cha kutunza kumbukumbu hizo, kilichoitwa SCCS. Badala ya kuweka nakala nzima ya faili kila linapobadilika, chombo hicho kiliweka mabadiliko peke yake, kila badiliko likiwa na tarehe, jina la mwandishi na maelezo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa chombo kingine, RCS. Hiki kiliweka toleo la karibuni likiwa zima, na matoleo ya nyuma yakawekwa kama orodha ya tofauti, ili toleo linalohitajiwa mara nyingi zaidi lipatikane upesi. Vyombo vyote viwili vilitunza faili mojamoja. Kila faili lilikuwa na daftari lake, na kwa kawaida aliyetaka kulisahihisha alilifunga kwanza, wenzake wakasubiri mpaka amalize.

Kusubiri huko hakukumfaa Dick Grune, mwalimu katika Vrije Universiteit mjini Amsterdam, Uholanzi. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa akiandika programu pamoja na wanafunzi wake wawili, na saa zao hazikupatana. Mmoja alifanya kazi mchana kama mtu wa ofisini, wa pili hakuwa na saa maalumu, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kwa hiyo alitunga utaratibu ulioitwa CVS, akautoa hadharani mwaka 1986. Kila mmoja alichukua nakala yake, akafanya kazi kwa saa zake, kisha mabadiliko yao yakakutanishwa. Kuunganisha kazi za watu tofauti, jambo ambalo zamani liliogopwa, kukawa shughuli ya kila siku.

Hata hivyo CVS ilikuwa na ghala moja kuu, na ndani ya ghala hilo kila faili bado lilikuwa na historia yake peke yake. Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kutolewa ikiwa kamili mwaka 2004, ilirekebisha hilo la pili kwa kuyapa mafaili yote ya ghala mfululizo mmoja wa nambari. Lakini ghala lilibaki moja, mahali pamoja. Historia haikuwa kitu ambacho mtu angeweza kukibeba kwenda nacho kwake.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2005, na lilitokana na ugomvi. Linux, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ulikuwa tangu mwaka 2002 ukitunziwa kumbukumbu katika chombo kiitwacho BitKeeper. Chombo hicho kilikuwa mali ya kampuni, na waandishi wa Linux walikitumia bure kwa hisani ya mwenyewe. Mwezi wa Aprili 2005 hisani hiyo iliondolewa baada ya kutokea mgogoro juu ya masharti yake. Torvalds akaanza kuandika chombo chake tarehe 3 Aprili, na kufikia tarehe 7 Aprili chombo hicho, alichokiita Git, kilikuwa kikijitunzia kumbukumbu zake chenyewe.

Hapa inafaa kueleza jinsi Git inavyofanya kazi, kwa kuwa bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Kila mwandishi ana historia nzima katika kompyuta yake. Kila mara anapokamilisha badiliko, huliandika kama ingizo katika daftari. Ingizo hilo lina jina lake, saa, maelezo, hali ya mafaili yote wakati huo, na jambo moja zaidi: linamtaja mzazi wake, yaani ingizo lililolitangulia. Kutokana na hayo yote hupigwa hesabu inayotoa alama ya utambulisho, ambayo katika utaratibu ulioanza nao ina tarakimu na herufi 40. Kwa sababu alama ya mzazi imo ndani ya hesabu ya mtoto, mtu akibadilisha herufi moja katika ingizo la zamani, alama yake hubadilika, na za watoto wake, na za wajukuu, mpaka la mwisho. Haiwezekani kugusa jambo la kale kimyakimya.

Ingizo la kawaida lina mzazi mmoja. Pale matawi mawili yanapounganishwa, ingizo la kuunganisha huwa na wazazi wawili au zaidi. Na ingizo la kwanza kabisa halina mzazi. Hilo huitwa mzizi.

Tarehe 16 Aprili 2005 Torvalds aliingiza Linux katika Git, na katika maelezo ya ingizo hilo la kwanza aliandika waziwazi kwamba haleti historia ya nyuma, ingawa ipo. Historia hiyo ingechukua kiasi cha gigabaiti 3.2, na chombo kilikuwa kichanga mno kubeba mzigo huo. Aliongeza kwamba ghala la historia lingeweza kutengenezwa baadaye peke yake. Ndivyo ilivyokuwa. Thomas Gleixner alitengeneza ghala la Git lenye kumbukumbu za miaka ya BitKeeper, na yeyote anayetaka anaweza kulifungamanisha na ghala la sasa katika kompyuta yake mwenyewe. Lakini daftari kuu la Linux linaanzia Aprili 2005, kana kwamba miaka 14 ya mwanzo ilifanyika katika nyumba nyingine. Siulaumu uamuzi huo. Ulifanywa wakati wa shida, sababu zake zikaandikwa, na kumbukumbu za kale hazikutupwa. Naona tu kwamba ni njia mojawapo ya kuhama nyumba, na kwamba ina gharama yake.

Miezi miwili baadaye mtu huyohuyo alionyesha njia nyingine. Paul Mackerras wa Australia alikuwa ameandika programu ndogo iitwayo gitk, inayochora historia ya ghala la Git ili mtu aione kwa macho: mistari inayogawanyika, inayokwenda sambamba, na inayokutana tena. Wengi walioitumia Git waliitaka gitk pia, na ilikuwa vigumu kuzitenga, kwa kuwa Git ikibadilika gitk nayo hulazimika kubadilika. Lakini gitk ilikuwa na ghala lake, lililoanzishwa na Mackerras mwenyewe, lenye mwanzo wake na maingizo yake.

Njia rahisi ilikuwa kunakili mafaili ya gitk, kuyaweka ndani ya ghala la Git, na kuandika ingizo moja la kusema kwamba leo gitk imeingia. Torvalds hakufanya hivyo. Tarehe 22 Juni 2005 aliunganisha maghala yenyewe. Aliandika ingizo lenye wazazi wawili: mmoja ni ingizo la mwisho la Git, na mwingine ni ingizo la mwisho la gitk. Historia hizo mbili hazikuwa na babu hata mmoja wa pamoja. Baada ya siku hiyo, mtu anayefuata daftari la Git kurudi nyuma hufika njia panda, na kila njia humpeleka kwenye mzizi wake. Torvalds aliwatangazia wenzake kwa furaha kubwa kwamba hakujawahi kuwa na uunganishaji mzuri kama huo. Mtu huyu hana sifa ya kutumia maneno laini, kwa hiyo furaha hiyo ina uzito.

Mfano wa hali hii tunao katika mto Rufiji. Mto unaobeba jina hilo unaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana. Ukipanda juu ya hapo kutafuta chanzo cha Rufiji, utakuta mito miwili, kila mmoja na jina lake na nchi uliyopitia. Hakuna anayesema kwamba Rufiji ni mto pungufu kwa sababu hiyo, wala kwamba Luwegu ilianza kuwapo siku ilipokutana na mwenzake.

Faida ya njia hii ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, kila mstari wa gitk ulibaki na habari zake. Git ina amri inayoonyesha, mstari kwa mstari, nani aliandika na lini. Jina lake la Kiingereza lina maana ya lawama, ingawa katika Subversion amri kama hiyo imepewa pia jina la pili lenye maana ya sifa. Iwe ni lawama au sifa, humfikia mwenyewe. Mtu akiuliza juu ya mstari uliomo ndani ya gitk tangu kabla ya muungano, jibu litakuwa ingizo la Mackerras pamoja na maelezo yake, halitakuwa jina la aliyehamisha mafaili. Pili, Mackerras hakunyang'anywa nyumba yake. Aliendelea kufanya kazi katika ghala lake mwenyewe, na maingizo yake mapya yakachukuliwa tena na tena kuingizwa katika ghala kubwa, kwa kuwa alama zake zilikuwa zilezile pande zote mbili.

Bahati ilikuwapo pia. Gitk ilikuwa ndogo, na majina ya mafaili yake hayakugongana na ya Git. Maghala mengi hayana bahati hiyo. Kila moja huwa na faili la maelezo la jina lilelile na faili la kujengea la jina lilelile, na vitu viwili haviwezi kukaa mahali pamoja kwa jina moja. Hapo fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kuhamishia kila mradi katika folda yake kisha kuunganisha. Historia hubaki na alama zake, ila mtu anayerudi nyuma atakuta mafaili mahali pa zamani na itampasa ajue kwamba yalihama. Ya pili ni kuandika upya historia yote, kana kwamba mafaili yalikuwa katika folda hizo tangu siku ya kwanza. Kusoma kunakuwa rahisi, lakini kila alama ya utambulisho inabadilika, na barua na vitabu vilivyozitaja alama za zamani vinabaki vikionyesha mahali pasipokuwapo. Ya tatu ni kuchukua hali ya leo tu na kuuacha wakati uliopita. Hiyo ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayovutia watu wenye haraka.

Nimeiona ile ya tatu mbali na kompyuta. Zamani shule mbili zilizokuwa jirani ziliunganishwa kuwa moja, jambo ambalo lilikuwa na maana, kwa kuwa zote zilikuwa na upungufu wa walimu. Wanafunzi wa shule ndogo waliandikwa katika daftari la uandikishaji la shule kubwa kwa nambari mpya, kuanzia tarehe ya muungano. Daftari lao la awali liliwekwa stoo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Miaka kadhaa ikapita, akaja mtu mzima aliyemaliza katika ile shule ndogo kabla ya muungano, akiomba barua ya kuthibitisha kwamba alisoma pale. Daftari la stoo lilikuwa limeliwa na mchwa. Katika daftari lililobaki jina lake halikuwamo, wala halikupaswa kuwamo. Kwa mujibu wa maandishi, mtu yule hakuwahi kusoma. Walimu waliomfahamu walikuwapo wachache, lakini ofisi iliyomtuma haikutaka walimu wanaokumbuka, ilitaka karatasi.

Ndiyo maana nilivutiwa na namna waandishi wa LLVM walivyofanya. LLVM ni jamii ya programu za kutafsiri maandishi ya mwanadamu kuwa lugha ya mashine, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Iligawanyika katika miradi mingi inayotegemeana. Kumbukumbu zake zilikuwa katika Subversion, na waliopendelea Git walipewa nakala ya kila mradi peke yake. Taabu yake ilijulikana: badiliko moja lililogusa miradi miwili lilionekana vipandevipande, na haikuwa rahisi kusema toleo gani la mradi huu linakwenda na toleo gani la ule. Mwezi wa Oktoba 2019, baada ya majadiliano ya miaka, walihamia katika ghala moja la Git. Walichagua njia ya pili: maingizo ya miradi yote yalipangwa pamoja kwa kufuata wakati, kila mradi katika folda yake. Alama zikawa mpya. Lakini chini ya kila ingizo lililotoka Subversion waliacha mstari mfupi wenye nambari yake ya zamani. Kwa hiyo mtu anayesoma barua ya mwaka 2009 iliyotaja nambari fulani anaweza kuitafuta na kuipata. Kazi hiyo si kubwa, lakini mtu yule wa shule ndogo angefanyiwa jambo kama hilo, nambari yake ya zamani ikaandikwa kando ya daftari jipya, angepata barua yake.

Wapo waliokwenda mbali zaidi katika umoja. Mwaka 2016 Rachel Potvin na Josh Levenberg wa Google waliandika kwamba kampuni hiyo iliweka karibu kazi yake yote katika ghala moja, ambalo Januari 2015 lilikuwa na mafaili yapatayo bilioni 1, maingizo milioni 35 na ukubwa wa terabaiti 86. Faida waliyoitaja ni ile ile: anayebadilisha jambo katika msingi anaweza kuwasahihisha wote wanaoutegemea kwa mara moja. Lakini hawakuficha kwamba ghala la ukubwa huo lilidai vyombo maalumu vilivyotengenezwa na kampuni yenyewe. Umoja una gharama, na si kila nyumba inaweza kuilipa.

Tena umoja unaweza kuja kwa bahati mbaya. Yale yaliyokuwa ajabu njema mwaka 2005 yaligeuka kuwa mtego kwa wengine, maana Git ilikuwa tayari kuunganisha historia zozote mbili hata kama hazikuhusiana. Ilitokea mtu kuunda historia mpya ya mradi uliokwisha kuwapo, na mtunzaji asiye na habari akaipokea na kuiunganisha, mradi ukabaki na historia sambamba isiyo na haja. Kwa hiyo tangu toleo la 2.9, lililotoka Juni 2016, Git hukataa kuunganisha historia zisizo na babu wa pamoja, mpaka mtu aseme waziwazi kwamba anaruhusu. Naona busara katika amri hiyo. Haikatazi muungano, inamtaka anayeunganisha akiri kwamba anajua anaunganisha wageni.

Nikiyatazama haya yote, naona kwamba kuziweka kazi mbili mahali pamoja ni jambo la siku moja. Mafaili huhamishwa, madawati huhamishwa, kibao cha mlangoni hubadilishwa. Kinachobaki kwa miaka ni swali la kumbukumbu, na kwa kawaida anayelipia uzembe wa kumbukumbu ni yule aliyetoka katika nyumba ndogo, kwa sababu daftari linaloendelea huwa ni la nyumba kubwa. Torvalds alikuwa ndiye mwenye nyumba kubwa siku ile ya Juni. Angeweza kuichukua gitk kama mtu achukuavyo kitu sokoni, na hakuna ambaye angelalamika, wala Mackerras mwenyewe labda. Alichagua kuandika ingizo lenye wazazi wawili. Mpaka leo, yeyote mwenye nakala ya Git anaweza kufungua gitk na kuiomba imchoree historia ya Git yenyewe, na akishuka mpaka chini atauona ule mstari wa pili ukienda peke yake hadi kwenye ingizo la kwanza la Mackerras, ambalo halina mzazi.

Wale watakaopewa kazi ya kuunganisha chochote, iwe shule, chama cha ushirika, maktaba au maghala ya programu, wangefanya vema kuuliza mapema madaftari ya zamani yatakaa wapi na nani atayasoma. Swali hilo lina jibu jepesi siku ya muungano, wakati madaftari bado yako mezani na walioyaandika bado wako hai.